HELLEN OBIRI: BINTI WA NYANGUSU NA SWALI LA DHAHABU

Makala haya ni deni ninalolipa. Katika muhula wa pili wa mwaka 2025, chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala Ijumaa jioni katika bwalo, na hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa hii: "Mwanariadha asiye na dhahabu ya Olimpiki si bingwa kamili." Mimi ndiye niliyekuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wanasiasa wetu kule Daraja Mbili siku ya soko, nikasema kwamba nishani ya fedha ni pole anayopewa aliyeshindwa. Kisha, ili maneno yangu yapate uzito, nikamtaja mtu kwa jina: Hellen Obiri, binti wa papa hapa Gusii, aliyekwenda Olimpiki mara nne, 2012, 2016, ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, na 2024, na kurudi kila mara bila dhahabu. Bwalo likavuma kwa vicheko na makofi. Upande wetu ukashinda.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Ni mwenzetu wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa shule, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amerudi kutoka mashindano ya kaunti akiwa namba mbili kwa mara ya pili mfululizo. Aliniangalia tu, akakusanya vitabu vyake akaondoka. Kwa kawaida yeye huamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini, nasi tulio usingizini husikia viatu vyake vikipita nje ya bweni. Wiki ile yote sikuvisikia.

Basi nikaona heri nisome habari za huyu mama niliyemtumia kuchekesha watu. Nilisoma magazeti ya zamani maktabani, nikamsumbua mwalimu wa michezo, na likizoni nikamaliza vifurushi vya simu ya baba mdogo. Niliyoyapata ndiyo haya.

Hellen Obiri alizaliwa tarehe 13 Desemba 1989 huko Nyangusu, upande ule wa Kisii unaopakana na Transmara. Mgusii yeyote anajua kwamba kwetu hakuna mahali pa kukimbia pasipo kilima. Ukitumwa dukani unashuka, ukirudi unapanda, na ukichelewa unapanda kwa mbio. Kisii mjini pako kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nako Nyamira ni juu zaidi. Hewa ni nyembamba na mwili unazoea kazi ngumu kwa hewa kidogo. Lakini hapo sharti nionye: vilima peke yake havimfanyi mtu bingwa. Kama vingemfanya, sisi sote tungekuwa na nishani.

Wala Obiri hakuwa wa kwanza kutoka kwetu. Wazee wanamkumbuka Nyandika Maiyoro, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki za 1956 na 1960 kabla hatujapata uhuru. Baadaye akaja Naftali Temu wa Nyamira. Mwaka 1968 kule Mexico City, Temu alishinda mbio za mita 10,000, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki. Naam, kabla ya majina makubwa yote unayoyasikia redioni, mlango ulifunguliwa na mtu wa Nyamira. Yobes Ondieki naye akawa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 1991, na mwaka 1993 akawa binadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27. Lakini hao ni wanaume watupu. Upande wa wasichana kuna jina moja ambalo nitalirudia mwishoni, kwa hiyo msomaji usinikimbie.

Jina la Obiri lilianza kusikika ng'ambo mwaka 2011, na halikuanza vizuri. Katika mashindano ya dunia ya Daegu, Korea Kusini, alifika fainali ya mita 1500. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, wakimbiaji wamebanana kama abiria wa matatu ya Keroka, viwiko huku, viatu vyenye misumari kule. Obiri akaanguka katikati ya mbio, na Mmarekani aliyekuwa nyuma yake akajikwaa akaanguka naye. Huo ndio utambulisho wake kwa dunia: chini, juu ya raba ya uwanja.

Miezi michache baadaye, Machi 2012, alikwenda Istanbul, Uturuki, kwenye mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi. Labda nieleze, kwa sababu kwetu hakuna uwanja wa namna hiyo. Wenzetu wa nchi za baridi hujenga uwanja ndani ya jumba, na kwa kuwa jumba haliwezi kumeza uwanja mzima, mzunguko ni mita 200 badala ya 400, na kona zake zimeinuliwa upande mmoja. Mita 3000 humo ni mizunguko 15. Aliyetazamiwa kushinda ni Meseret Defar wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda mbio hizo mara nne mfululizo. Obiri alikuwa na miaka 22. Alimfuata Defar kama kivuli mpaka mwisho, kisha akampita, akashinda kwa dakika 8 sekunde 37.16. Ndiyo dhahabu yake ya kwanza ya dunia.

Olimpiki ya London mwaka huo alifika fainali ya mita 1500 bila kupata nishani. Mwaka 2013 kule Moscow akapata shaba. Mwaka 2014 ulikuwa wa neema. Akawa bingwa wa Afrika wa mita 1500, na kule Nassau, visiwa vya Bahamas, yeye na Mercy Cherono, Faith Kipyegon na Irene Jelagat wakaweka rekodi ya dunia ya kupokezana vijiti, kila mmoja mita 1500, kwa dakika 16 sekunde 33.58. Mtazame vizuri huyo Kipyegon katika orodha hiyo. Ndiye aliyekuja kuimiliki mita 1500 kabisa kabisa, dhahabu za Olimpiki tatu mfululizo. Kwa hiyo mlango ule wa 1500 ulikuwa unajifunga polepole mbele ya Obiri, na aliyeufunga alikuwa mwenzake wa timu.

Mwaka 2015 hakukimbia. Alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Mei. Wapo waliodhani kwamba habari yake imeishia hapo, maana kwetu na kwingineko msichana akijifungua watu huzungumza kana kwamba miguu yake nayo imestaafu. Alirudi akiwa amebadilisha mbio: aliacha 1500, akahamia 5000.

Uamuzi huo una maana kubwa katika mambo ya mwili. Mwalimu wetu wa bayolojia alinieleza hivi. Mbio fupi zinategemea kasi ya ghafla ya misuli, na kasi hiyo hupungua mapema umri unaposonga. Mbio ndefu zinategemea moyo, mapafu na uwezo wa misuli kutumia chakula na hewa bila kuchoka, na huo unaweza kujengwa kwa miaka mingi zaidi. Mkimbiaji anayetoka mbio fupi kwenda ndefu huenda na kisu chake mkononi: bado ana ile kasi ya mwisho ambayo waliokulia kwenye mbio ndefu hawana. Kisu hicho ndicho kilichomlisha Obiri miaka yote iliyofuata.

Rio de Janeiro, Agosti 2016. Almaz Ayana wa Ethiopia alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 siku chache nyuma, na kila mtu alijua kwamba mita 5000 ni zake pia. Alitoka mbele mapema akawaacha wote. Wakenya wakamfuata kwa subira, wakamla polepole, wakampita. Vivian Cheruiyot akachukua dhahabu, Obiri fedha kwa dakika 14 sekunde 29.77, Ayana shaba. Hiyo ndiyo ile fedha niliyoiita pole. Mtoto wake alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Mwanamke aliyekuwa akiogopwa na dunia nzima alimaliza nyuma yake. Nilipofika hapo nilifunga gazeti kwa muda, nikakaa kimya.

Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia ya London, watu ni wale wale. Ayana alikuwa ameshinda mita 10,000 kwa kuwaacha wenzake sekunde 46, yaani alimaliza, akapumua, akageuka kuwatazama wakija. Katika 5000 akajaribu mchezo huo huo. Safari hii Obiri hakukubali kuachwa. Alimng'ang'ania mgongoni mzunguko baada ya mzunguko, wengine wote wakapotea nyuma, na mzunguko wa mwisho akachomoka. Dakika 14 sekunde 34.86, dhahabu, na Ayana nyuma kwa zaidi ya sekunde tano. Mwaka 2018 akashinda 5000 ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, na ile ya Afrika kule Asaba, Nigeria.

Lakini mwaka ninaoupenda mimi ni 2019. Machi ya mwaka huo mbio za nyika za dunia zilifanyika Aarhus, Denmark. Waandalizi walifanya jambo la ajabu. Kuna jumba la makumbusho pale, Moesgaard, ambalo paa lake limeteremka mpaka chini na kuoteshwa nyasi, na wakimbiaji walipitishwa juu ya paa hilo, wapande na kushuka, kila mzunguko. Wazungu waliandika kwamba hiyo ilikuwa njia ngumu kuliko zote. Mimi nilipoiona picha yake nilicheka, kwani nilidhani ni njia ya kwetu ya kwenda kwenye buchari ya chai! Obiri, ambaye sifa zake zilikuwa za uwanjani wala si za nyika, alishinda kwa dakika 36 sekunde 14, sekunde mbili tu mbele ya Dera Dida wa Ethiopia. Oktoba mwaka huo huo akatetea ubingwa wake wa 5000 kule Doha kwa dakika 14 sekunde 26.72, rekodi mpya ya mashindano hayo. Ukipiga hesabu, ni sekunde 69 na nukta kwa kila mzunguko wa mita 400, mizunguko kumi na miwili na nusu. Hebu siku moja nenda uwanja wa Gusii ukimbie mzunguko mmoja tu kwa sekunde 69, kisha unitafute tuzungumze.

Kwa ule ushindi wa Aarhus alikuwa amekuwa mwanamke wa kwanza duniani kuwa na dhahabu za dunia za ukumbini, za uwanjani na za nyika. Katika mjadala sikulitaja jambo hilo. Nilikuwa silijui.

Ikaja Tokyo. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeisogeza Olimpiki mpaka 2021, na viwanja vilikuwa vitupu bila watazamaji. Katika 5000 Sifan Hassan wa Uholanzi alifanya kwa Obiri yale Obiri aliyozoea kuwafanyia wengine: akajificha, akangoja, akachomoka mzunguko wa mwisho. Fedha tena, kwa sekunde 1.57. Siku chache baadaye Obiri akawa wa nne katika mita 10,000. Mwaka 2022 kule Eugene, Marekani, kwenye mashindano ya dunia, alikimbia tena 10,000. Kilomita kumi nzima, zaidi ya nusu saa, na Letesenbet Gidey wa Ethiopia akamtangulia kwa sekunde 0.08. Huwezi kutamka neno "fedha" katika muda huo.

Hapa nataka nimkaribishe mgeni kutoka Ujapani. Katika mjadala ule, mmoja wa upande wa kupinga alimtaja mchezaji wa judo aitwaye Ryoko Tani, nami nikamzima kwa kusema judo haituhusu. Kumbe angeachiwa aendelee, angenishinda. Judo, kwa asiyejua, ni mieleka ya Kijapani inayochezwa kwa joho nene la kushikana. Ukimwangusha mwenzako mgongo ukagusa mkeka barabara, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama zimepita sekunde chache. Wanawake waliingizwa rasmi katika judo ya Olimpiki mwaka 1992, na huyo Tani, wakati huo akiitwa Ryoko Tamura, alikwenda Barcelona akiwa na miaka 16. Alikuwa mfupi, sentimita 146 tu, akicheza uzito wa kilo 48. Alifika fainali akashindwa na Mfaransa. Fedha. Akarudi Atlanta 1996 akiwa bingwa wa dunia mara mbili, Wajapani wote wakimtazamia, akashindwa fainali na msichana wa miaka 16 kutoka Korea Kaskazini ambaye hakujulikana. Fedha tena.

Sydney, mwaka 2000, alimwangusha Mrusi fainali kwa sekunde 36 akaipata dhahabu yake. Akaongeza nyingine Athens 2004. Akazaa, akarudi, akawa bingwa wa dunia mara ya saba mwaka 2007, na Beijing 2008 akamaliza na shaba. Swali ninalojiuliza ni hili: kama angeteleza tena pale Sydney, je, yale mataji saba ya dunia yangekuwa bure? Alikuwa yule yule, mikono ile ile, mkeka ule ule.

Tofauti moja naiona baina yao. Tani alikaa kwenye kilo 48 maisha yake yote ya mchezo. Mlango wake ulikuwa mmoja, akaugonga mpaka ukafunguka. Obiri milango ilikuwa ikimfungia, naye akawa anahama nyumba: 1500, kisha 5000, kisha 10,000. Na baada ya Eugene akahama tena, safari hii kwenda kilomita 42 na mita 195.

Marathoni yake ya kwanza ilikuwa New York, Novemba 2022, na ilimwadhibu. Alimaliza wa sita kwa saa 2 dakika 25 sekunde 49. Sasa, mbio hizi ni dunia nyingine. Mwili hauwezi kubeba chakula cha kutosha safari nzima, lazima unywe na ulishe tumbo huku unakimbia, na anayekosea hilo huzimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Obiri akahamia Boulder, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, akajiunga na kikosi cha kocha Dathan Ritzenhein. Alikuwa na miaka 33, anaanza upya kama kidato cha kwanza.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo halielezwi vizuri redioni. Marathoni si za namna moja. Berlin kwa mfano ni tambarare, na huko wakimbiaji huwekewa wenzao wa kuwaongoza kwa kasi iliyopangwa, shabaha ikiwa ni rekodi. Boston na New York hakuna waongozaji. Njia zina vilima na madaraja, na kule Boston kuna kilima baada ya kilomita 32 ambacho wenyeji wamekipa jina la kuvunja moyo. Huko hakuna anayekupangia mwendo. Watu hutazamana, hupimana, huviziana saa mbili nzima kama watu wanaocheza ajua, na mwisho hushinda yule aliyebakiza kisu. Nani tumesema ana kisu?

Aprili 2023 alikwenda Boston, baada ya kukubali wiki chache tu kabla. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alikaa kundini bila kujionyesha, na mwishoni akachomoka, akashinda kwa saa 2 dakika 21 sekunde 38. Binti yake alikuwa pale utepeni akimngoja. Novemba akashinda New York kwa kuwaacha Gidey, yule yule wa sekunde 0.08, na Sharon Lokedi katika mita za mwisho kabisa. Mwanamke wa mwisho kushinda Boston na New York mwaka mmoja alikuwa Ingrid Kristiansen wa Norway, 1989, mwaka aliozaliwa Obiri mwenyewe. Aprili 2024 akashinda Boston mara ya pili mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa na mwanamke tangu Catherine Ndereba mwaka 2005. Halafu Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, marathoni: Hassan dhahabu, Tigst Assefa wa Ethiopia fedha, Obiri shaba, sekunde 15 nyuma ya dhahabu baada ya kilomita 42. Huo ndio mlango wake wa Olimpiki. Aliugonga kwa mbio za 1500, 5000, 10,000 na marathoni, na mara tatu alitoka na nishani mkononi.

Sasa lile jina nililoahidi. Margaret Okayo alizaliwa mwaka 1976 huko Masaba, nchi ambayo siku hizi imegawanyika, upande mmoja Kisii na upande mwingine Nyamira, hivyo kila kaunti inadai ni wake, na mimi wa Nyamira najua jibu langu. Mwaka 2001 Okayo alishinda New York kwa rekodi ya njia ile. Mwaka 2002 akashinda Boston kwa rekodi, saa 2 dakika 20 sekunde 43. Mwaka 2003 akarudi New York akashinda tena, akimwacha Ndereba, na akaivunja rekodi yake mwenyewe: saa 2 dakika 22 sekunde 31. Mwaka 2004 akashinda London. Hana nishani ya Olimpiki hata moja, na kwa hoja yangu ya bwalo alikuwa si kitu. Rekodi yake ya Boston ilidumu miaka 12. Ile ya New York ilikaa pale, mwaka baada ya mwaka. Mabingwa wa dunia na wa Olimpiki walipita juu ya madaraja yale wakaiacha ilivyo. Sisi tulizaliwa tukaikuta, tukaingia shule ya msingi, tukaingia ya upili, ipo tu.

Tarehe 2 Novemba 2025 ilikuwa Jumapili, na shule zilikuwa zimefungwa. Niliazima simu ya baba mdogo jioni nikiwa nyuma ya jikoni, mahali pekee nyumbani ambapo mtandao unashika. Nyanya alikuwa akichambua chinsaga, akaniuliza natazama nini. Nikamwambia kuna mtu wa Nyangusu anakimbia Marekani. Akauliza, "Na anakimbilia nini, mama huyo?" Nikamwambia kuna saa iliyowekwa na mtu wa Masaba kabla sijazaliwa. Akaacha mboga, akavuta kiti.

Walibaki watatu, wote Wakenya: Obiri, Lokedi na Sheila Chepkirui, ambaye alikuwa amemshinda Obiri pale pale mwaka uliotangulia. Kisha wakabaki wawili. Lokedi naye alikuwa amemshinda Obiri kule Boston mwezi wa Aprili, kwa sekunde 19. Picha ilikuwa ikikatika na kurudi. Iliporudi mara ya mwisho, Obiri alikuwa peke yake. Saa 2 dakika 19 sekunde 51. Rekodi ya Okayo ilikuwa imeshuka kwa dakika mbili na sekunde 40 baada ya miaka 22, na hata Lokedi na Chepkirui waliofuata walikuwa wameipita. Ni mwendo wa dakika 3 sekunde 19 kwa kila kilomita, mara arobaini na mbili na ushei. Nyanya aliuliza kama mtu wa Masaba yuko hai. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni vizuri. Imebaki nyumbani."

Muhula huu nilimtafuta yule mwenzetu wa mbio nikamwambia niliyosema bwaloni niliyasema kwa kutojua. Hakujibu kitu juu ya hilo. Alinyoosha daftari lake la hesabu akaniomba nimwandikie nyakati zote za Obiri kwenye jalada la nyuma, mwaka kwa mwaka. Niliandika kuanzia Istanbul 2012 mpaka New York 2025, nikampa. Akazisoma polepole, kidole kikishuka na mistari. Kisha akauliza mbona sikuandika ile ya Daegu, aliyoanguka. Nikachukua kalamu, nikaiandika juu kabisa.